Motokari za Waya na Wanasesere wa Kitenge

Wenzangu vijana wa kituo waliniomba, kabla sijarudisha funguo, niwaandikie namna ya kutumia wavu wa kukamatia tumbili bila kuumwa. Kuhusu wavu sina mengi. Usiutupe ukiwa na hasira. Usimfuate tumbili anayekutazama, mfuate yule anayeutazama mlango. Ukishaumwa, osha kidonda kwa sabuni kwanza, lawama zitafuata. Yaliyobaki katika kurasa hizi ni ya miaka mingine, na ninayaandika kwa sababu naona mnaendelea kuweka vitu vya kuchezea ndani ya vizimba bila kujua vilianzia wapi, wala vilitufundisha nini siku ambayo hatukuwa na kitu kingine cha kutegemea.

Nimestaafu mapema, kwa uamuzi wa pamoja wa daktari na goti langu. Vyeo nitaviruka. Mishahara pia, maana kwa miaka kadhaa mshahara ulikuwa jambo la imani, na mambo ya imani huandikwa na watu wengine.

Niliingia kituoni, kituo cha kutunza tumbili nje ya mji wetu wa migodi, kando ya barabara ya kwenda Ruashi, nikiwa nimetoka tu chuo kikuu na shahada ya biolojia. Siku ya kwanza nilivaa blauzi nyeupe. Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Mama Feza, mlezi wa tumbili yatima, mwanamke wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema, binti wa fundi cherehani. Alikuwa amebeba ndoo ya uji. Alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani.

"Weye, unaenda ku ndoa ao unakuya ku kazi?"

"Ku kazi, mama."

"Basi toa ile miwani. Hapa banyama banapenda kintu ya kungaa."

"Bila miwani sioni, mama."

"Haina mambo. Siku ya kwanza haina kintu ya kuona."

Hakuwa amemaliza kusema nilipopita karibu mno na nondo. Mkono mweusi mdogo ulitokeza, na miwani yangu ikaenda juu ya mti uliopandwa katikati ya kizimba. Mama Feza alicheka hadi akaikalia ndoo. Miwani ilirudi baada ya kubadilishwa na mapera, kioo kimoja kikiwa na mkwaruzo ambao niliendelea kuitazama dunia kupitia kwake kwa muda mrefu.

Aliyenifundisha kazi ni Docta Kaumba, mganga wa mifugo aliyekiongoza kituo, mtu mfupi, mkavu wa maneno, mwenye koti jeupe lisilokuwa na kifungo hata kimoja. Alinifundisha kukaa. Mnaweza kudhani kukaa hakuhitaji mwalimu. Tulikuwa na jamvi la matete lililosimamishwa mbele ya kizimba, lenye tundu la kuchungulia, na nyuma yake kigoda. Kazi ilikuwa kuketi hapo na kuandika kile ambacho mkono, mguu na mdomo vilifanya, bila kuongeza. Nilipoandika kwamba tumbili mmoja "amefurahi", Docta aliirudisha karatasi.

"Mamzeli, ulimuuliza?"

"Hapana, Docta."

"Basi futa."

Jambo moja la kituo chetu sikuliandika popote, wala hakuna aliyeliandika, kwa kuwa hakuna aliyeliona kuwa ni jambo. Wawindaji wa maeneo yetu huua jike kwa ajili ya nyama na kumuuza mtoto wake kando ya barabara. Watoto hao waliletwa kwetu wangali wanatetemeka. Baadaye nilisoma kwamba mahali pengine hulelewa ndani ya masanduku yenye taa na vitambaa vilivyochemshwa. Kwetu, Mama Feza alimchukua mtoto, akamtupa mgongoni, akamfunga kwa kitenge, ambacho sisi tunakiita kikwembe, na akaendelea kufagia. Alipika uji naye mgongoni. Aligombana na muuza majani ya sombe langoni naye mgongoni. Jike au dume, kila yatima aliyekulia kituoni alikulia hapo, uso ukiwa umefichwa ndani ya nguo. Ndivyo mtoto anavyobebwa. Nani angeandika mwongozo kuhusu hilo?

Kisha alikuja Profesa Mulongo kutoka chuo kikuu, akiwa na swali. Watoto wetu wa kiume hupenda magari na wa kike hupenda wanasesere. Je, wamefundishwa, au kuna kitu kinachotangulia mafundisho? Alisema tumbili ndiye wa kuulizwa, kwa kuwa hana duka, hana shangazi wa kumletea zawadi, na hajui gari ni la nani. Akichagua, amechagua mwenyewe. Lilikuwa swali zuri. Bado naliona kuwa zuri.

Mama Feza hakuona hata kama ni swali.

"Profesa, miye niko na batoto saba. Mwanaume anabeba motokari, mwanamuke anabeba poupée. Ni Mungu."

"Na nani alibapatia ile poupée, mama?"

"Miye."

"Basi haikuwa Mungu. Ilikuwa weye."

"Eh! Profesa, unaniita Mungu mbele ya bantu? Astaghfirullah!" Alikishika kichwa kwa mikono miwili. "Docta, ulisikia? Kesho mvua ikikosa kunyesha, batakuya kuniuliza miye."

Madukani hapakuwa na vitu vya kuchezea tulivyoweza kuvipata, kwa hiyo tulitumia vya kwetu. Motokari zilisukwa kwa waya na vijana wa mtaa wa Katuba, magurudumu yakikatwa kutoka soli za kandambili zilizokwisha. Wanasesere alitushonea Mama Feza kwa matambara na sufi. Tuliongeza sufuria kuukuu, ambayo hakuna tumbili aliyeijali na ambayo Docta hatimaye aliirudisha nyumbani kwake ikapike maharage. Wanasesere walipoletwa walikuwa wamevikwa kila mmoja kipande cha kikwembe, kwa sababu, alieleza Mama Feza, mtoto hatolewi mbele za watu akiwa uchi. Vipande hivyo alivikata kutoka vikwembe vichakavu alivyokuwa akibebea yatima. Sote tuliwapokea mikononi, tukawageuza, tukawasifu. Profesa alisema ni wanasesere bora kuliko wa Ulaya.

Tuliingiza kitu kimoja kimoja kizimbani, nami nikakaa nyuma ya jamvi na saa ya kupimia, nikiandika nani amegusa nini na kwa muda gani. Tulipojumlisha, Profesa alitabasamu. Madume wachanga wengi waliizunguka motokari, wakaisukuma, wakayang'ata magurudumu. Majike wengi walimshika mwanasesere. Aliyemshika muda mrefu kupita wote aliitwa Lufira. Majina yote tuliyatoa kwenye mito ya huku kwetu, kwa kuwa mito haikuwa na ndugu wa kulalamika.

Aliyetuharibia jedwali alikuwa dume aliyeitwa Kafubu. Motokari hakuigusa. Mwanasesere alimchukua, akapanda naye pembeni, akamlaza tumboni na kumfunika kwa mikono. Tulipotaka kumtoa ilibidi twende wawili. Profesa alimwekea alama ya nyota na kuandika chini ya ukurasa kwamba mnyama huyo si wa kawaida. Nimeona tangu wakati huo kwamba katika kila jedwali kuna nyota moja, na kwamba nyota ndiyo hutumiwa kufunga mjadala.

Makala ya Profesa hayakuchapishwa, kwa sababu nchi ilianza kumomonyoka. Askari wasiolipwa walipora maduka ya mjini na raia wakawafuata nyuma, kila mtu akibeba alichokifikia. Nilimwona jirani yangu, mwalimu wa dini, amebeba choo cha kauri kichwani na kunisalimia kwa adabu zote. Profesa aliondoka nchini kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Migodi ilinyamaza mmoja baada ya mwingine. Watu waliokuwa mafundi mitambo walianza kuchimba kwa mikono huko Kambove. Nusu ya uzio wa kituo iling'olewa, kisha motokari zetu zote zilitoweka kutoka stoo pamoja na mlango wa stoo, maana waya ni waya. Wanasesere hawakuibwa. Majike waliwatafuna kidogo kidogo wakaisha.

Tulibaki watatu: Docta, Mama Feza na mimi. Tuliwalisha tumbili majani ya muhogo, makapi ya mahindi kutoka mashine za kusagia, na mapera yaliyooza upande mmoja. Askari walikuja langoni mara kwa mara kutazama. Nakumbuka mmoja, kijana mchovu, akiongea na Docta kwa heshima.

"Mukubwa, muko na nyama humu?"

"Iko, lakini ya magonjwa. Inakamata kichwa. Ukiikula, unasahau jina ya mama yako."

Askari alifikiri. "Na jina ya komanda?"

"Ile njo ya kwanza kupotea."

"Basi, mukubwa, ugonjwa ile haiko mubaya sana."

Walicheka wote wawili, na askari akaenda zake. Docta alifunga lango, kisha akakaa chini ghafla, palepale mavumbini.

Katika kiangazi cha mwaka uliofuata, wakati wa baridi kali ya huku kwetu, mwanamke aliyesafiri juu ya magunia ya makaa kutoka upande wa Kambove alituletea tumbili mchanga wa kike ndani ya beseni. Mama yake alikuwa ameliwa. Mtoto alikuwa na meno, aliweza kutafuna kiazi kilichopondwa, na kwa chakula angeweza kuishi. Kilichomtisha kilikuwa baridi. Tumbili wa umri ule hawezi kujipasha joto usiku. Anahitaji mwili wa kuushikilia. Zamani tungewasha taa juu ya sanduku. Sasa nyaya za umeme zilikuwa zimekwenda njia ya motokari.

Mchana alikaa mgongoni mwa Mama Feza. Jua likianza kushuka, sote tulilazimika kuondoka, kwani vizuizi vya askari barabarani havikuwa mahali pa kupita gizani, na kulala kituoni, penye uzio nusu, ilikuwa kuwangoja waporaji. Kumpeleka nyumbani, Docta alikataza: katika nyumba zetu zote, hasa kwa Mama Feza, watoto walikuwa wanakohoa, na kikohozi cha binadamu humwua tumbili upesi. Tulimwachia mtoto matofali yaliyopashwa kwenye makaa na kuzungushiwa magunia. Asubuhi tuliyakuta matofali yamepoa na mtoto amekakamaa, na Mama Feza akamweka kwapani mpaka vidole vikaanza kujikunja tena. Siku iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, ila vidole vilichelewa zaidi.

"Matofali hayatamuvusha," Docta alisema. "Anahitaji muntu. Nasema nyama, tumbili mwenzake. Wa kulala naye."

"Na hii ni ya kufikiria?" Mama Feza alijibu. "Mupe mwanamuke."

Jedwali lilisema hivyo pia. Majike waliokuwa na watoto wao walituonyesha meno tulipokaribia, kwa hiyo tulimchagua Lufira, ambaye hakuwa na mtoto na ambaye hakuna aliyempenda mwanasesere kama yeye. Tulimtenga kwenye kizimba kidogo na kumweka mtoto mbele yake. Lufira alimnusa. Alimgeuza kichwa chini miguu juu, akamkagua, akamvuta kwa mguu hadi juu ya gogo, na kwa dakika chache tulitazamana kama watu waliofaulu mtihani. Kisha nikaleta makapi. Lufira alimwachia mtoto hewani kama mtu anavyoachia ganda la ndizi, akaja kula. Mtoto aliangukia sakafu ya saruji, mdomo ukapasuka. Tulipojaribu tena kesho yake, mtoto alipiga kelele alipomwona tu, na Lufira akamsukuma kwa nyuma ya mkono.

Nilirudi kwenye kigoda changu, kwa kuwa sikujua pa kwenda. Mama Feza alikuwa anamfunga mtoto mgongoni. Niliona kichwa kidogo kikiingia chini ya nguo chenyewe, kama panya anavyoingia shimoni, na kutetemeka kukakoma hapo hapo. Kisha nikamwona Kafubu. Alikuwa amekuja hadi kwenye nondo na kuutoa mkono wake nje. Hakuwa anamtafuta mtoto, wala Mama Feza. Alishika pindo la kikwembe, akalisugua kati ya vidole.

Nilijiuliza ni tumbili gani waliokulia kwenye mgongo ule. Kafubu alikuwa mmojawao. Lufira pia. Nilipowapitia kichwani mmoja mmoja, karibu majike wote waliompenda mwanasesere walikuwa yatima walioletwa kwa beseni na vikapu. Na karibu madume wote waliopenda motokari walikuwa wamezaliwa kizimbani, na mama zao hawakuwahi kuvaa chochote. Tulidhani tunalinganisha jike na dume. Huenda tulikuwa tumepima mgongo wa Mama Feza.

Sisemi kwamba tofauti haipo. Miaka baadaye nilisikia kwamba wengine, mbali na hapa, waliuliza swali hilohilo kwa uangalifu na vifaa zaidi kuliko sisi, wakaiona tofauti, na hadi leo wanabishana kuhusu maana yake. Ninasema tu kwamba sisi tulikuwa tumemvika mwanasesere mama, kisha tukashangaa kwamba anapendwa. Siku ile, hata hivyo, sikuwa na haja na nadharia. Nilikuwa na haja na mwili wenye joto kabla jua halijashuka.

"Docta, haikuwa poupée," nilimwambia. "Ilikuwa kikwembe. Tumuwekee Kafubu."

"Dume? Ataua ule mutoto kwa kumuuma mara moja tu."

"Na baridi?"

Alitazama magharibi, mahali jua lilipofika. "Baridi nayo itamuua," alisema. "Fungua kizimba."

Mama Feza alipinga kwa nguvu zaidi kuliko Docta. Alisema kwamba tangu dunia iumbwe hakuna mwanaume aliyelala na mtoto wa mwenzake, kwamba hata mume wake alikuwa akiwarudisha watoto saba kwake usiku kama mikopo. Akayasema yote hayo huku anakifungua kikwembe. Alikitazama kidogo, akakishika kwa meno, akakipasua katikati.

"Hii kikwembe, baba Feza alininunulia ya ndoa," alisema. "Mungu anaona pahali inaenda."

Tulimhamishia Kafubu peke yake kwenye kizimba kidogo, tukamfunga mtoto ndani ya nusu ile na kumweka sakafuni. Nilisimama mlangoni na wavu. Kafubu alishuka polepole. Alikaa mbele ya furushi lile. Kwa mikono miwili, kwa uangalifu ambao sijauona kwa watu wengi waliosoma, aliifungua nguo, akaikunjua yote, akaikumbatia na kupanda nayo pembeni. Mtoto alibaki uchi kwenye saruji.

"Mwizi!" Mama Feza alipiga kelele. "Mwizi ya bantu!"

Docta alinyoosha mkono kuchukua wavu. Sikuuachia. Mtoto alikuwa amegeuza kichwa. Alianza kutambaa, tumbo likiburuzika, akaifikia nondo, akapanda, akateleza, akapanda tena, mpaka akalishika pindo lililokuwa linaning'inia. Kafubu alivuta nguo yake. Mtoto alikuja pamoja nayo. Kafubu alionyesha meno, meno marefu ya dume mzima, karibu kabisa na uso wake, na mtoto akafumba macho na kuingiza kichwa chini ya nguo. Kafubu aliikung'uta kama mtu anavyokung'uta mkeka. Mtoto aliyumba na hakuachia. Akahama pembe, wakahama wote. Akahama tena. Mwishowe alikaa, akachoka, akaikusanya nguo tumboni kwa namna yake ya siku zote, na kilichokuwa ndani ya nguo kikakusanywa pia.

Hatukuweza kungoja zaidi. Docta alifunga mlango. Mama Feza alijifunga nusu iliyobaki mabegani, na haikumtosha.

"Kama akikufa, miye kesho sikuyi," alisema. "Mutatuma muntu aniambie."

Asubuhi nilifika mapema, nyasi zikiwa nyeupe kwa umande wa baridi. Mama Feza alikuwa tayari amesimama mbele ya kizimba. Aliponisikia hakugeuka; aliinua tu kidole. Kafubu alikuwa ameketi kwenye gogo, mahali miale ya kwanza ilipofikia, nguo ikiwa imemzunguka hadi shingoni. Haikuonekana kama kulikuwa na kitu kingine ndani yake. Docta alikuja, akasimama nyuma yetu.

Nilipitisha kipande cha kiazi kitamu kati ya nondo. Kafubu hakuwahi kumgawia yeyote chakula. Alikichukua, akauma, akatafuna huku anatutazama. Kutoka chini ya kidevu chake, katika mkunjo wa nguo, ulitokeza mkono mdogo, ukaenda moja kwa moja mdomoni mwa dume, ukatoa kipande kilichokwisha kutafunwa. Kafubu aliupiga kofi. Mkono uliingia ndani na kipande chake, tukasikia kutafuna, kisha ukatoka tena.